Hataza ya Dawa Ikiisha, Bei Hushuka Lini? Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita safu hii iligusia kwamba dawa nyingi za kibiolojia, yaani zile zinazozalishwa ndani ya seli hai badala ya kuundwa kwa kuchanganya kemikali, zinafikia mwisho wa ulinzi wa hataza (patent) katika muongo huu, na kwamba nafasi yao inaanza kugombewa na dawa zinazofanana nazo ziitwazo baiosimila. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na sehemu kubwa ilihusu dawa moja ya saratani ya matiti. Nimechagua tano na kuzifupisha. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa sababu baadhi yao wanaeleza maradhi ya watu wao.

*Asalaam aleikum. Mama yangu anatibiwa saratani ya matiti. Vipimo vimeonyesha kwamba ni ya aina ya HER2 chanya, yaani seli zake zina protini ya HER2 kwa wingi, na daktari amemwandikia trastuzumab kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima. Tumekwisha kufanya harambee mbili. Nimesoma kwamba hataza ya dawa hii ilikwisha Ulaya tangu mwaka 2014. Ikiwa ni kweli, kwa nini bado inauzwa ghali namna hii? — Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam, dada, na pole sana kwa kuuguza. Ulichosoma ni kweli. Trastuzumab ilianza kuuzwa na kampuni ya Genentech kwa jina la Herceptin baada ya Marekani kuiidhinisha mnamo Septemba 1998. Hataza yake kuu ilikwisha Ulaya mwaka 2014 na Marekani mwaka 2019, na India ilitangulia, kwa kuwa kampuni za Biocon na Mylan zilipata kibali cha trastuzumab yao mwishoni mwa mwaka 2013. Kikwazo hicho cha kisheria, basi, kiliondoka zamani.

Lakini hataza ni haki ya kuwazuia wengine, basi. Inapokwisha, mwenye dawa hawezi tena kwenda mahakamani kumzuia mshindani. Hakuna sheria inayomlazimisha mshindani ajitokeze, asajili dawa yake Nairobi au Dodoma, wala auze kwa bei ya chini. Kwa jinsi ninavyolitazama jambo hili, bei hushuka pale mnunuzi anapoweza kumwambia muuzaji kwamba atanunua kwa mwingine, na muuzaji akaamini kwamba anaweza kweli. Ukiwa na kipimo hicho mkononi, mengi yanayoonekana kuwa mafumbo katika biashara hii yanaeleweka.

Tuanze na uchache wa washindani. Kidonge cha aspirini kina molekuli yenye atomi 21, na kiwanda chochote chenye wakemia wazuri kinaweza kuitengeneza ikawa ileile kabisa. Ndiyo maana dawa za jeneriki za vidonge huwa na watengenezaji kwa makumi na bei yake huporomoka haraka. Trastuzumab ni kingamwili, protini yenye uzito wa karibu mara 800 ya aspirini, na huzalishwa na seli zilizotokana na ovari ya hamsta wa China ambazo zimepandikizwa jeni ya kuitengeneza. Seli hizo hukuzwa katika matangi ya maelfu ya lita, zikilishwa na kuchungwa kwa joto, hewa na asidi iliyopimwa, kisha protini yao huchujwa hatua kwa hatua. Seli hubandika vipande vya sukari juu ya protini, na ukibadilisha chakula au joto kidogo, mpangilio wa sukari hizo nao hubadilika, na pengine nguvu ya dawa pia. Mtengenezaji wa pili hapewi seli za yule wa kwanza wala maelezo yake ya ndani. Hununua vichupa vya dawa ya awali sokoni, huvipima kwa kila chombo alicho nacho, halafu hutafuta seli na taratibu zake mwenyewe mpaka apate kitu kinacholingana. Kazi hiyo hukadiriwa kuchukua miaka saba hadi tisa na kugharimu dola milioni 100 hadi 300, kiasi ambacho wengi hawana, na wenye nacho huanza kwa kuzitazama nchi tajiri.

Mshindani anapofika, punguzo lenyewe linaweza kuwa kubwa na lisitoshe. Shirika la Afya Duniani liliiingiza trastuzumab katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaipa kibali cha ubora baiosimila yake ya kwanza, ile ya kampuni ya Samsung Bioepis. Wakati huo shirika lilieleza kwamba dawa ya awali iligharimu wastani wa dola 20,000 kwa mwaka na kwamba baiosimila kwa kawaida ilikuwa nafuu kwa asilimia 65. Piga hesabu: asilimia 35 iliyobaki ni dola 7,000. Kwa wizara ya afya ya Ulaya huo ni ushindi mkubwa, ilhali kwa familia inayolipa kutoka mfukoni Likoni au Kisauni ni harambee nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Mwaka 2013, mwaka mmoja kabla hataza ya Ulaya kuisha, kampuni ya Roche, ambayo ndiyo mmiliki wa Genentech, ilipata kibali cha Herceptin ya kuchomwa chini ya ngozi ya paja. Dripu ya kwanza huchukua dakika 90 na zinazofuata dakika 30, wakati sindano hii humalizika kwa dakika mbili hadi tano, na kipimo chake ni miligramu 600 kwa kila mgonjwa bila kujali uzito. Kwa wodi iliyojaa na kwa mama anayetoka Kwale alfajiri, hilo si jambo dogo, na sitaki nionekane nalibeza. Hata hivyo baiosimila zilizokuja kushindana zilikuwa za dripu. Hospitali iliyokwisha kuizoea sindano ya paja, ikapanga wauguzi na vitanda vyake kwa kuifuata, haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea kwa bidhaa ileile. Urahisi wa mgonjwa na ulinzi wa biashara vilisafiri katika kichupa kimoja.

Sasa nije nyumbani kwenu. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilitangaza makubaliano na Roche ambayo yalishusha bei ya Herceptin kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa awamu moja, gharama hiyo ikilipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Matibabu ya mwaka huwa na awamu 17 au 18. Kwa awamu 18, tofauti ni kati ya shilingi 2,160,000 na 720,000. Zingatia kwamba kushuka huko hakukutokana na hataza kuu ya trastuzumab kuisha mwaka huo. Kilichokuwapo ni mnunuzi mmoja mkubwa aliyekaa mezani kwa niaba ya nchi nzima, katika soko ambalo tayari lina wauzaji wengine. Mwaka 2005 mnunuzi huyo angeweza kuomba tu.

Nakushauri, kabla ya harambee ya tatu, uende kwenye dawati la SHA la hospitali anakotibiwa mama na uulize mambo mawili kwa maneno haya: je, hospitali hii imo katika mpango huo, na je, mama amesajiliwa na michango yake imelipwa kikamilifu? Kama hospitali haimo, mwombe daktari barua ya rufaa kwenda iliyomo. Na ikitokea fedha zikakwama katikati, msikae kimya nyumbani. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, likiwa na wagonjwa zaidi ya 4,000, lililinganisha miezi sita ya trastuzumab na miezi kumi na miwili, na matokeo ya miezi sita hayakuwa mabaya kuliko ya mwaka kwa kipimo kilichowekwa. Miongozo mingi bado inashikilia mwaka mmoja, na uamuzi ni wa daktari anayejua hatua ya ugonjwa wa mama. Lakini ni afadhali mama azungumze na daktari kuliko kukatisha dozi bila yeye kujua.

*Shikamoo. Mimi ni muuguzi katika wodi ya saratani. Siku hizi tunaletewa trastuzumab yenye jina jipya kutoka India, na wagonjwa wanauliza kama ni feki. Mmoja aliikataa kabisa. Je, ni sawa na ile ya awali? Na aliyeanza na ile ya zamani anaweza kuhamishiwa hii katikati ya matibabu? — Msomaji, Mwanza*

Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa kazi unayoifanya. Dawa feki ni ile inayodanganya kuhusu kilichomo au ilikotoka. Baiosimila haidanganyi: ina jina lake, kiwanda chake na namba yake ya usajili, na imeidhinishwa kwa kulinganishwa waziwazi na dawa ya awali. Mfuatano wa asidi amino ni uleule, kipimo ni kilekile, njia ya kumpa mgonjwa ni ileile. Kinachoruhusiwa kutofautiana ni mambo madogo, kama zile sukari nilizozieleza hapo juu, na hata hayo sharti yaonyeshwe kwamba hayabadilishi matokeo kwa mgonjwa.

Wagonjwa wako huenda wasijue, na wahudumu wengi pia, kwamba dawa ya awali yenyewe haifanani na nafsi yake miaka yote. Watafiti wa Samsung Bioepis, walipokuwa wakinunua vichupa vya Herceptin ili kuiga vipimo vyake, walichapisha mwaka 2017 kwamba matoleo fulani, yaani bechi za uzalishaji, yalikuwa yamehama kidogo: mpangilio wa sukari ulibadilika, na uwezo wa kuziita seli za kinga dhidi ya uvimbe ulipungua katika vipimo vya maabara. Hiyo ilikuwa Herceptin halisi, kutoka kiwanda halisi. Mamlaka za dawa hulijua jambo hili na huweka mipaka ambayo kila toleo lisiivuke, na baiosimila huhukumiwa kwa mipaka ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anayedai usawa wa asilimia mia moja anadai kitu ambacho hata mwenye dawa hakuwahi kukiuza.

Kuhusu kuhama katikati ya matibabu, hofu ya haki ni kwamba mwili unaweza kuitambua protini ngeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Norway ilipata shaka hiyohiyo na serikali yake ikagharamia jaribio la wagonjwa wapatao 480 waliokuwa wakitumia infliximab, kingamwili ya maradhi ya viungo, utumbo na ngozi. Nusu walihamishiwa baiosimila na nusu wakabaki, wakafuatiliwa kwa wiki 52, na waliohama hawakuonekana kuzidiwa kuliko waliobaki. Ulaya, ambayo iliidhinisha baiosimila yake ya kwanza mwaka 2006, ilitamka Septemba 2022 kwamba baiosimila zilizoidhinishwa huko zinaweza kubadilishana nafasi na dawa ya awali. Mimi ningekubali kuhamishwa. Kitu ambacho nisingekikubali ni kuhamishwa huku na huku kila mwezi kwa kufuata shehena iliyofika, bila mtu kuandika nilichopewa, kwa maana likitokea tatizo hakuna atakayejua lilitokana na nini.

Kwa hiyo andika. Katika faili la kila mgonjwa liwepo jina la biashara, siyo neno trastuzumab peke yake, pamoja na namba ya toleo la kichupa. Angalia kwamba dawa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na kwamba imekaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 tangu ilipopokelewa. Unapoichanganya, zungusha kichupa polepole na usikitikise, kwa sababu povu huharibu protini. Ongeza kwenye dripu ya chumvi, kamwe si ya glukosi, kwani protini hujikusanya ikikutana nayo. Kichupa cha miligramu 440 huja na maji yake yenye kihifadhi na kinaweza kutumika kwa siku 28 kikiwa kwenye friji, jambo linalowezesha wagonjwa wawili kupangwa siku tofauti bila kumwaga masalio. Kile cha miligramu 150 hakina kihifadhi, na masalio yake hayawekwi. Soma pia jina lote hadi mwisho: trastuzumab emtansine na trastuzumab deruxtecan ni dawa nyingine kabisa, zenye vipimo vingine, na kuzikosea kunaweza kuua. Kipimo cha moyo cha eko kinaendelea kama kawaida kwa baiosimila kama ilivyo kwa dawa ya awali.

Kwa yule mgonjwa aliyekataa, kaa naye kabla ya siku ya dripu, siyo wakati sindano iko tayari mkononi. Ukimwambia kwamba amebadilishiwa kwa sababu ya uhaba wa fedha, atahisi kila kichefuchefu kuwa ni ushahidi. Mwambie ukweli ulio mpana zaidi: ni dawa ya kundi lilelile, imepimwa dhidi ya ile ya zamani, na kwa bei yake hospitali inaweza kumhakikishia awamu zote badala ya tano za mwanzo.

*Ninaishi Columbus, Ohio, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijichoma Humira kwa ajili ya baridi yabisi ya viungo. Mwaka 2024 bima yangu iliniandikia kwamba haitailipia tena na kwamba nitapewa nyingine yenye jina tofauti. Kaka yangu aliyeko Denmark alibadilishiwa tangu 2018. Kwa nini nchi yenye kampuni yenyewe ndiyo iliyochelewa? — Msomaji, Marekani*

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu kesi ambayo wanafunzi wa sheria za hataza watakuwa wakiisoma kwa miaka mingi. Humira, ambayo jina lake la kisayansi ni adalimumab, iliidhinishwa Marekani siku ya mwisho ya mwaka 2002, na hataza yake kuu huko ilikwisha mwishoni mwa 2016. Kampuni ya Amgen ilikuwa tayari: baiosimila yake ilipata kibali Septemba 2016. Ilianza kuuzwa tarehe 31 Januari 2023.

Miaka hiyo sita ilijazwa na hataza nyingine. AbbVie, mmiliki wa Humira, ilikuwa imejikusanyia zaidi ya mia moja: za namna ya kuzalisha, za mchanganyiko wa majimaji ndani ya sindano, za kiasi cha dozi kwa ugonjwa huu na ule. Mshindani angeweza kuishinda moja mahakamani, pengine kumi, lakini kila kesi ni miaka na mamilioni, na kushindwa katika moja tu kunatosha kumzuia. Mmoja baada ya mwingine walikubaliana nje ya mahakama: wangeingia Ulaya Oktoba 2018, na Marekani wangesubiri hadi 2023, huku wakilipa mrabaha. Wanunuzi wa Marekani walishtaki wakidai kwamba huo ni ukiritimba. Mahakama ya rufaa ya Chicago iliwakatalia mwaka 2022. Jaji Frank Easterbrook aliuliza, kwa maana hiyo, kama kampuni imefanya uvumbuzi 132, kwa nini isimiliki hataza 132. Sheria haina kikomo cha idadi, na hapo alikuwa sahihi. Nadhani swali zito zaidi ni ngapi kati ya hizo 132 zilistahili kutolewa, na hilo hakuna aliyemudu gharama ya kulipima hadi mwisho.

Ulaya nayo ilikuwa na kitu kingine zaidi ya tarehe ya mapema. Washindani wanne waliingia karibu kwa pamoja, na wanunuzi walikuwa serikali zenye zabuni za nchi nzima. Katika nchi za kaskazini, anakoishi kaka yako, AbbVie yenyewe ilifika kutoa punguzo la asilimia 80. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, iliyokuwa ikilipa zaidi ya pauni milioni 400 kwa mwaka kwa adalimumab pekee, ilitangaza kwamba inatarajia kuokoa pauni milioni 300.

Marekani ilipofunguliwa mwaka 2023, ziliingia baiosimila zaidi ya tano ndani ya mwaka mmoja, na bado Humira ilimaliza mwaka ikiwa na karibu soko lote. Sababu iko kwa kampuni zinazosimamia orodha za dawa kwa niaba ya bima. Hizo hupata marejesho kutoka kwa mtengenezaji kila dawa yake inapowekwa mbele kwenye orodha, na dawa yenye bei kubwa ya vitabuni, yaani bei inayotangazwa kabla ya punguzo, ina nafasi kubwa ya marejesho. Amgen ililijua hilo, ikatoa bidhaa yake kwa bei mbili: moja chini ya Humira kwa asilimia 5, nyingine kwa asilimia 55. Msomaji ambaye hajaishi huko atadhani kila mtu alikimbilia ya pili. Hapana. Mambo yalibadilika tarehe 1 Aprili 2024, pale CVS Caremark, mojawapo ya kampuni hizo, ilipoiondoa Humira kwenye orodha zake kuu na kuipa nafasi adalimumab ya Sandoz, inayouzwa kwa ushirikiano na kampuni tanzu ya CVS yenyewe. Mnunuzi aliondoka kweli, ingawa aliondoka kuelekea dukani kwake. Mauzo ya Humira duniani, yaliyokuwa dola bilioni 21.2 mwaka 2022, yalishuka hadi 14.4 mwaka 2023 na karibu 9 mwaka 2024.

Kwa upande wako, kalamu mpya itakuwa na kitufe na mlio tofauti, kwa hiyo omba mfamasia akuonyeshe kabla ya kujichoma ya kwanza. Uliza pia kama haina sitireti, chumvi inayoleta ule mwasho wa moto mahali pa sindano. Ikiwa ulikuwa ukitumia kadi ya msaada wa malipo ya AbbVie, haitafanya kazi kwa dawa hii. Mtengenezaji mpya kwa kawaida ana yake.

*Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Je, hataza hizi za Marekani na Ulaya zinatufunga sisi Tanzania? — Msomaji, Dar es Salaam*

Hazikufungi moja kwa moja, kwa sababu hataza ina nguvu katika nchi ilipotolewa tu. Aliyesajili Marekani na hakusajili hapa, ama kupitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, au kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, hana cha kudai hapa. Zaidi ya hapo, mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaotaka hataza zilindwe kwa miaka 20, umeziruhusu nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo kutolinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika kundi hilo, Kenya haimo. Soma, hata hivyo, sheria ya nchi yenyewe: ruhusa ya kimataifa humsaidia mtu pale bunge lake linapoiandika katika sheria, na siyo kila nchi ya kundi hili imefanya hivyo kwa ukamilifu.

Ninachotaka ukibebe kwenye tasnifu yako, kama utaiandika, ni kwamba uhuru huo kwa dawa za kibiolojia umetumika kidogo sana. Kwa vidonge vya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI uhuru wa aina hii ulikuwa na maana kubwa, kwa kuwa viwanda vya India vilikuwa tayari kutengeneza na wafadhili walikuwa tayari kununua kwa wingi. Kwa kingamwili, viwanda ni vichache na wafadhili wakubwa hawajaingia. Nchi inayohitaji vichupa elfu chache kwa mwaka, kwa zabuni ndogondogo za hospitali moja moja, haimvutii msajili yeyote kulipia maombi, ukaguzi na mnyororo baridi kwa ajili yake. Ununuzi wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki ungebadilisha hesabu hiyo kuliko kifungu chochote cha TRIPS.

*Ni dawa gani kubwa inayofuata kuisha hataza? — Msomaji, Kigali*

Inayosubiriwa kuliko zote ni pembrolizumab, iitwayo Keytruda, kingamwili inayotumika dhidi ya saratani za aina nyingi, ya mapafu ikiwa mojawapo. Iliiingizia kampuni ya Merck dola bilioni 29.5 mwaka 2024, na hataza zake kuu za Marekani zinatarajiwa kuisha mwaka 2028. Septemba 2025 Marekani iliidhinisha Keytruda ya kuchomwa chini ya ngozi, na msomaji wetu wa Mombasa atakuwa ameshaitambua hatua hiyo. Kwa hiyo mtu yeyote anayeandaa mkataba wa kununua dawa hii kwa miaka kadhaa ijayo, iwe ni wizara au mfuko wa bima, aangalie kama mkataba unamruhusu kurudi kwenye dripu baada ya 2028, na aandike kifungu hicho kabla ya kutia saini.